Milio Kumi na Minane

Siku ya nne baada ya ajali, Inspekta alifika yadi ya kituo akiwa amevaa viatu vyake vya mazishini. Hakuwa na mazishi siku hiyo. Viatu vya kazi vilikuwa vimeachama soli tangu Jumatatu, na tangu Jumatatu hakuwa amepata hata nusu saa ya kuvipeleka kushonwa. Alikuwa na majalada kumi na moja mezani, mgongo unaouma, na mkuu wa kituo ambaye kila akimwona alimuuliza swali lile lile: jalada la gari linafungwa lini?

Gari lenyewe lilikuwa pembeni ya yadi, chini ya turubai. Lilikuwa gari dogo la michezo, la viti viwili, la rangi ya chungwa, na ukilitazama kwa upande wa abiria ungedhani limetoka dukani jana. Upande wa dereva haukutazamika mara mbili.

Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, kitinda mimba wa baba mjane, na bado akiishi naye nyumba moja. Siku za kazi aling'oa meno. Jumamosi alishindana katika uwanja wa ghala la zamani, ambako hupangwa koni za plastiki na kila gari hupita peke yake, likijipenyeza kati ya koni mbio mbio huku saa ikihesabu. Jumamosi iliyopita, raundi ya pili, kona ya mwisho, mkia wa gari ulimtoka. Gari likajizungusha, na mlango wa dereva ukakutana na nguzo ya zege. Daktari alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Fundi wake, ambaye watu wote walimwita Fundi Chaki, alikuwa mahabusu tangu Jumapili. Kesho asubuhi angesomewa mashitaka ya kusababisha kifo kwa uzembe. Kilichobaki ni saini ya Inspekta, na Mkuu aliitaka kabla ya saa kumi jioni.

"Nisomee tena," Inspekta alimwambia Mkaguzi wa magari.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene asiyeonekana bila kitambaa begani, na alisoma ripoti yake kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Breki nzima. Usukani mzima. Tairi zina upepo sawasawa. Tatizo ni shokapu. Juu ya kila shokapu ya gari hilo kulikuwa na kijichwa cha chuma cha kuzungusha kwa vidole, na kila kikisogea hatua moja hutoa mlio mdogo, tik. Ukizungusha kulia shokapu inakuwa ngumu, ukizungusha kushoto inalegea. Daftari la fundi, lililokutwa kwenye mfuko wa mlango, lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake: mbele 5, nyuma 14. Mkaguzi alipolifungua gari Jumatatu alikuta mbele kumi na tatu, nyuma nne.

"Ameandika hili, amefunga lile," alisema. "Nyuma pamekuwa pagumu kama benchi, mbele pamelegea kama godoro la wageni. Gari la hivyo ukilikata kona kwa haraka, pua inaingia halafu mkia unakuja mbele kukuamkia."

Inspekta alimwomba ahesabu tena, yeye akiwa amesimama pale pale. Mkaguzi akavuta pumzi ya mtu anayetiliwa shaka, akaingiza mkono ndani ya buti la gari, kwenye shokapu ya nyuma, akazungusha kulia mpaka kijichwa kikagoma. Milio minne. Akarudi kushoto milio ile ile minne, kuacha kitu kama alivyokikuta.

"Endelea kushoto mpaka mwisho."

"Ya nini?"

"Nataka kujua iko mingapi yote."

Ilikuwa kumi na minane. Inspekta akaandika, kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa kuandika kila kitu, hata bei ya chai. Kisha akavuta turubai mwenyewe, maana Mkaguzi alikuwa ameshanuna.

Kabla ya kusaini chochote alikuwa na mtu mmoja wa kumwona. Askari aliyechukua maelezo uwanjani alikuwa ameandika mstari mmoja, chini kabisa ya ukurasa, kwamba mshindani mwingine alionekana amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la daktari kati ya raundi ya kwanza na ya pili. Mtu huyo alikuwa na duka la dawa. Misimu miwili mfululizo alikuwa ameshika nafasi ya pili nyuma ya daktari, na watu walimtania kwa hilo mpaka akaacha kucheka.

Mfamasia alimkaribisha ndani ya kaunta na macho yakamtoka kabla hajaulizwa kitu. Inspekta alimwacha amalize kumhudumia mzee mwenye kikohozi, amrudishie chenji, amweleze kijiko kimoja mara tatu. Kisha akamuuliza alikuwa anatafuta nini kwenye gari la watu.

"Chaki," alisema Mfamasia, akainamisha kichwa.

Akaeleza, na maelezo yakatoka yote kwa mkupuo mmoja. Fundi Chaki ameitwa hivyo kwa sababu huchora mistari ya chaki nyeupe ukingoni mwa tairi kabla ya mashindano. Gari likishakimbia, chaki hufutika pale tairi lilipolalia, na mwenye akili anaweza kusoma hapo gari linaegemea wapi na upepo upunguzwe au uongezwe. Yeye alikwenda kupiga picha.

"Nilikuwa naibia jibu, Afande. Kama mtoto wa shule. Yule dada alikuwa ananishinda kwa nukta za saa, nukta tu, na mimi ni mtu mzima na watoto watatu."

Picha ilikuwa bado kwenye simu, na saa yake: tatu na dakika kumi asubuhi. Tairi la mbele lilikuwa limefutika chaki kidogo. La nyuma lilikuwa limefutika mpaka juu ya maandishi. Inspekta akamuuliza hiyo maana yake nini.

Mfamasia alikuna kidevu. Alisema hata yeye alishangaa. Nyuma kulikuwa kunateleza sana. Tairi za Fundi Chaki huwa hazina sura hiyo.

Basi mchezo mchafu, kama ulikuwepo, ulikuwepo tangu raundi ya kwanza. Hakuna aliyeligusa gari uwanjani. Mfamasia aliona anavuka salama, akachangamka, akaanza kumwaga mengine ambayo hakuulizwa: kwamba baada ya raundi hiyo daktari alikwenda kwenye uzio kuongea na baba yake, akawa anaonyesha magurudumu ya nyuma kwa mkono, na mzee akacheka, akampigapiga begani. Walipendana sana wale, alisema. Inspekta akaandika na hilo pia, akaondoka. Mwizi wa chaki hakuwa mtu wake.

Mapokezini mwa kituo alimkuta mke wa Fundi Chaki amekaa kwenye benchi lile lile la jana na juzi, amepakata shati jeupe lililopigwa pasi, la kuvaa mahakamani. Alikuwa mshonaji, na kola ya shati hilo alikuwa ameigeuza upya ili isionekane imechakaa.

"Dada," alimwambia Inspekta, "sikuombi umwachie. Nakuomba umwambie alale. Anahesabu vidole usiku kucha, wamenihadithia waliomo naye."

Inspekta alimwahidi kwamba shati litafika, na hilo angalau lilikuwa ndani ya uwezo wake.

Fundi Chaki aliletwa chumba cha mahojiano, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mikono safi kuliko ya daktari mwenyewe. Siku ya kwanza alikuwa ameapa kwamba alihesabu sawa. Siku ya pili aliapa kwa sauti ndogo zaidi. Leo hakuapa kabisa. Inspekta alimtaka asimulie Ijumaa yote upya, akasimulia: alilipima gari uzito kila gurudumu, akaweka upepo, akachora chaki, akafunga shokapu, akaandika daftari, na daktari akaja jioni kulichukua kwenda nalo nyumbani. Jumamosi hakwenda uwanjani. Haendi kamwe; moyo wake hauwezi kuangalia. Hukaa gereji na simu mkononi akingoja kuambiwa wamemaliza.

"Kwa nini nyuma ulilegeza?"

"Uwanja ule sakafu yake imesuguliwa na malori, inateleza kama sahani. Na kuna nguzo." Aliifuta meza kwa kiganja. "Gari lile ni jepesi mkiani. Nililegeza nyuma ili mkia utulie. Nilijua zitampotea nukta mbili tatu. Nilimwambia, akasema sawa, fundi, mimi nataka kuzeeka."

Inspekta alimsogezea kalamu yake, akamwambia ajifanye hiyo ndiyo shokapu, amwonyeshe alivyofunga. Fundi aliishika kalamu kwa vidole viwili, akaizungusha kulia, kulia, mpaka mahali ambapo kwake yeye palikuwa mwisho. Kisha akaanza kurudi kushoto, akihesabu kwa midomo. Moja, mbili, mpaka kumi na nne.

"Unafunga kabisa kwanza?"

"Lazima. Mwisho wa kulia ni chuma kwa chuma, unasimama pale pale kila siku. Mwisho wa kushoto umelegea, leo unasimama hapa, kesho pale. Kuna wazee wanaanzia huko kwenye ulegevu, ni mazoea ya shokapu za zamani. Hata mimi nilianzia huko, bosi wangu wa kwanza akanipiga vidole kwa spana mpaka nikaacha."

Aliiweka kalamu mezani taratibu, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza.

"Afande, kama ni mimi, nifungwe. Yule daktari alimng'oa mke wangu jino siku ya sikukuu, hakutaka asante. Nikiwa nimemuua, nifungwe. Lakini nataka kujua. Nimehesabu upya mara nyingi humu ndani mpaka sasa sijui tena nilihesabu nini Ijumaa. Niambie tu kama nilihesabu sawa."

Inspekta alirudi mezani kwake, akavua viatu, akaweka miguu kwenye droo ya chini iliyo wazi. Saa saba kasorobo. Alifungua daftari lake mahali alipoandika asubuhi. Nyuma: fundi kasema kumi na nne, Mkaguzi kakuta nne. Mbele: fundi kasema tano, Mkaguzi kakuta kumi na tatu. Yote: kumi na nane.

Aliitazama hiyo kumi na nane kwa muda. Kumi na nne na nne, kumi na nane. Tano na kumi na tatu, kumi na nane.

Mtu aliyekosea kwa uzembe hakosei hivyo. Mzembe huweka kumi na mbili badala ya kumi na nne, au husahau mbele kabisa. Anayetaka kuua naye hana haja ya kupata namba zilizolingana na daftari kwa kinyume, mbele na nyuma. Aliyefanya hivi alikuwa na daftari mkononi, alilifuata neno kwa neno, na alihesabu vizuri sana. Alianzia tu upande mwingine.

Na gari, baada ya kutoka gereji, lililala mahali pamoja tu.

Inspekta hakufurahi. Kuna maafisa ambao wakifika hapo husimama na kuzunguka chumba. Yeye alitamani kurudisha mahesabu yalikotoka na kwenda kulala. Akafungua jalada nyuma, kwenye maelezo ya baba yaliyochukuliwa hospitalini Jumamosi saa saba mchana. Alikuwa ameyasoma mara tano kama kilio cha mfiwa, na mfiwa haulizwi maswali. Sasa aliyasoma kama maelezo. Sijagusa gari la mwanangu, alisema mzee, alinikataza. Na mistari miwili chini: fundi ndiye aliyemuua, namba hazikuwa sawa.

Jumamosi saa saba mchana. Mkaguzi alilifungua gari Jumatatu.

Aliomba ruhusa kwa mke wa fundi, akapewa ufunguo wa gereji, akachukua rafuni shokapu moja mpya ya aina ile ile. Aliitia kwenye mfuko wa plastiki na kuibeba mapajani njia nzima.

Baba wa daktari aliitwa Mzee Breki. Enzi zake alikuwa dereva wa mashindano, na jina hilo alipewa kwa kejeli, kwa kuwa alisifika kwa kutozigusa. Barazani kwake viti vya kuazima vya msiba vilikuwa vimepangwa juu kwa juu, vikisubiri kurudishwa. Alifungua mlango mwenyewe, mrefu, amevaa soksi bila viatu, na baada ya salamu alitaka kujua jambo moja.

"Kesho anasomewa?"

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Kuna kitu sikielewi, na kesho hakimu ataniuliza mimi. Mimi na magari hatupatani."

Aliitoa shokapu akaiweka juu ya meza ya sebuleni, kati ya kitabu cha rambirambi na sahani ya vikombe. Alimwomba amfundishe. Amwekee kumi na nne, kama daftari linavyosema.

Mikono ya Mzee ilikuwa haijapata kazi kwa siku nne. Aliivuta shokapu karibu, akaipangusa kwa mkono wa shati bila sababu, akashika kijichwa. Akazungusha kushoto mpaka kikaacha kutoa mlio. Akahakikisha. Kisha akaanza kurudi kulia, na chumba kikawa hakina sauti nyingine ila tik, tik, tik.

"Kumi na nne," alisema, akamsogezea.

"Umeanzia huku."

"Ndiko kunakoanziwa. Unaanzia palipolegea, unakaza. Sisi wote tulihesabu hivyo."

Inspekta akashika kijichwa, akakizungusha kulia polepole ili kila mlio usikike. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Kikagoma.

"Fundi Chaki anaanzia huku," alisema. "Anafunga kwanza, halafu anarudi. Kumi na nne yake, ukiihesabu kwa upande wako, ni nne."

Mzee aliinamia shokapu. Midomo yake ilikuwa inafanya hesabu, ikafika mwisho, ikaanza upya. Inspekta alimwacha. Alikuwa amehoji wezi na wauaji kwa miaka ishirini na mbili na hakukumbuka siku aliyotamani mtu akose hesabu kama leo.

"Nilikuta nne," Mzee alisema hatimaye. "Asubuhi, yeye anaoga. Nilisema nichungulie tu. Nyuma nne, mbele kumi na tatu, na daftari linasema vingine kabisa. Nikasema, huyu fundi ataniulia mtoto."

"Ukazirekebisha."

"Nikazirekebisha. Zote nne. Nikarudisha daftari mahali pake." Aliigusa shokapu kwa kidole. "Alikuwa amenikataza. Mwaka jana niligusa breki zake tukakosana mwezi mzima. Ndiyo maana sikusema. Lakini niliziweka sawa, mwanangu. Nilihesabu mara mbili."

"Najua, baba."

Kwa jalada, hayo yalitosha. Inspekta angeweza kufunga daftari hapo. Lakini mahakamani wangemuuliza Mzee swali lililobaki, mbele za watu, na aliona ni afadhali aulizwe nyumbani kwake.

"Baada ya raundi ya kwanza alikuja kwenye uzio. Alisema nini?"

Mzee aliirudisha shokapu katikati ya meza.

"Alisema, baba, leo mkia unacheza. Alisema labda raundi ya pili aiache, ampigie fundi kwanza." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Nikacheka. Nikamwambia, leo ndiyo gari liko sawa, wewe umezoea kubembelezwa. Nikamwambia kanyaga."

Inspekta alitoka barazani, akasimama karibu na viti vya kuazima, akapiga simu kituoni. Ilikuwa saa tisa na robo. Alimwambia askari wa zamu jalada halitasainiwa, Mkuu akiuliza amwambie anakuja mwenyewe, na fundi aandaliwe karatasi za kutoka. Kisha akamwambia aende sasa hivi mpaka mlango wa mahabusu, amwambie Fundi Chaki kwamba alihesabu sawa. Maneno hayo hayo, asipunguze wala asiongeze. Askari aliuliza alihesabu nini. Inspekta alimwambia, wewe mwambie tu.

Aliporudi ndani Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, viatu viko mbele yake, mguu mmoja umeingia na mwingine haujaingia.

"Twende nikaandike upya," alisema. "Yule mtu asilale huko tena."

Inspekta alipiga magoti, mgongo ukamlalamikia, akamvalisha kiatu cha pili na kumfungia kamba zote mbili. Mzee mwenyewe asingeweza. Vidole vyake vilikuwa juu ya goti, viwili pamoja, vinazungusha kitu ambacho hakikuwepo.